Tuachieni mita moja na nusu: barua ya wazi kwa madiwani na wahandisi wa barabara wa Tanga

Waheshimiwa madiwani wa Jiji la Tanga, nanyi wahandisi mnaosimamia barabara zetu, wa TARURA kwa mitaa ya mji na wa TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa,

 

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha hisabati na sayansi. Naishi Makorora na shule yangu iko kusini mwa mji, mwendo wa kilomita 7 hivi. Huu ni mwaka wa 19 naenda na kurudi kwa baiskeli. Nina Phoenix nyeusi ya kike, ile ambayo bomba lake la juu limeshushwa ili mwenye gauni apande bila taabu, na baibui langu nalibana kwa kibanio cha nguo lisiingie kwenye cheni. Msimu wa kusi upepo unanipinga asubuhi, nafika shuleni nikitweta, halafu jioni unanisukuma mgongoni mpaka nyumbani. Nimeshazoeana nao.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, nilianguka. Sitaitaja barabara wala dereva, kwa sababu siandiki barua hii kumtafuta wa kulaumiwa. Nilikuwa narudi nyumbani. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mizigo, mbele linakuja basi. Lori likapiga honi mara mbili. Sisi wapanda baiskeli tunaijua maana ya honi hiyo: shuka. Nikashuka. Mahali pale lami ilikuwa imeliwa ukingoni, na kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo palikuwa na ngazi ya shibiri nzima. Gurudumu la mbele likateremka, la nyuma likabaki juu, usukani ukanigeukia mikononi, nikaangukia mkono wa kulia. Madaftari ya darasa la tano yakatawanyika hadi mtaroni.

Lori lilisimama. Dereva, kijana tu, akashuka akaniokotea yale madaftari moja moja, akiyapangusa kwa fulana yake, huku akisema, "Nisamehe mama, ningefanyaje, na basi lile ndilo hilo linakuja." Alisema kweli. Nililifikiria neno lake kwa wiki 6 nilizokaa na plasta, wiki ambazo watoto walikuwa wakiniandikia ubaoni, kila siku zamu ya mmoja, wakigombania chaki. Lori halikuwa na pa kwenda. Basi halikuwa na pa kwenda. Mimi pa kwenda palikuwa chini, na huko nikaenda. Barabara ile ilijengwa na nafasi ya wawili, nasi tulikuwa watatu.

Plasta ilipotolewa nilirudi pale na rula ya ubaoni. Sentimita 19.

Naanza na habari hiyo kwa sababu kila ajali ya baiskeli ikitokea tunasikia maneno yale yale: dereva mzembe, mpanda baiskeli hakutazama. Uzembe upo, siukatai. Lakini kijana yule hakuwa mzembe, wala mimi sikuwa. Siku ile hata tungebadilishwa wote wawili, dereva mwingine na mwalimu mwingine, bado mmoja angeangukia udongoni. Kilichotugombanisha ni upana wa barabara, na upana wa barabara huamuliwa mezani, kwa kalamu, kabla hata mtu mmoja hajapita. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Askari wa trafiki ningemwandikia nini?

Tanga si mji wa kufundishwa baiskeli. Amkeni saa kumi na mbili asubuhi mkasimame popote kati ya Ngamiani na Chumbageni. Wachuuzi wa samaki wanatoka Deep Sea na matenga yamefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, maji ya barafu yakidondoka nyuma yao mstari mrefu. Muuza mikate na sanduku lake la bati. Mafundi uashi na pimamaji zao zimechomekwa kwenye fremu. Wafanyakazi wa zamu. Baba ana mtoto mmoja mbele kwenye bomba na mwingine nyuma, wote wamevaa sare, yule wa nyuma bado anasinzia shavu likiwa mgongoni mwa baba yake. Kina mama wenzangu, vibanio vya nguo kwenye mabaibui. Watoto wetu hujifunza wakiwa wadogo mno, kiti hawakifikii, wanapenyeza mguu chini ya bomba na kwenda upande upande mpaka siku wanarefuka. Mji wenyewe Mungu ameulaza tambarare kama sinia, na mitaa ya Ngamiani, ile ya namba, imenyooka hivi kwamba ukiwa mwanzo unaona mwisho.

Nalitaja hili kwa kuwa miji mingine inaililia hali hiyo. Kigali iko juu ya vilima, kila safari ni kupanda na kushuka, lakini tangu mwaka 2016 wanafunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli, na Septemba 2025 waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Wanatumia fedha na jasho kuwashawishi watu wapande. Sisi watu tayari wamepanda. Babu zetu walipanda. Kazi yenu ninyi ni nyepesi kuliko ya wenzenu wa Kigali: msituteremshe tu.

Maana tunateremshwa. Hakuna aliyekaa akapanga kututeremsha, lakini ndivyo inavyokwenda. Bandari yetu imechimbwa kina, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Ni neema kubwa, na vijana wetu wengi wanakula kupitia hapo. Lakini kila kinachoshuka melini hutoka mjini kwa magurudumu, na kinachokwenda melini huingia mjini kwa magurudumu. Pongwe kuna saruji, nayo hupita barabara hizo hizo. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu karibu watu 400,000. Lami inaongezwa na kutandikwa upya, na ikishakuwa laini magari huenda mbio zaidi. Yote hayo ni maendeleo. Ila kila yanapokuja, nafasi ya kuyapitishia hukatwa kutoka upande mmoja tu, ukingoni, tulipo sisi.

Fundi wangu wa baiskeli, mzee ambaye amekuwa akiniziba pancha tangu niajiriwe, aliniambia jambo ambalo halinitoki. Anasema siku hizi anaijua barabara iliyoharibika kwa baiskeli zinazoletwa kuuzwa. Mtu anakuja na baiskeli nzima, tairi bado zina meno, anasema fundi nitafutie mteja. Ukimuuliza, mkewe ameponea chupuchupu, au mwanawe. Baba mmoja wa darasani kwangu alimnunulia binti yake baiskeli alipofaulu kuingia sekondari, kisha akaifunga kwa mnyororo ndani ya ua. Binti anakwenda kwa bodaboda. Kwenda na kurudi ni shilingi 3,000, siku 22 za masomo, shilingi 66,000 kila mwezi, kwa mtu anayeuza mihogo. Nilimpigia hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, hesabu yako sawa. Lakini mtoto ninaye mmoja." Sikuwa na la kumjibu. Mnalo ninyi.

Watu wakitajiwa njia za baiskeli huwataja Waholanzi, kana kwamba wenzetu wale walizaliwa nazo. Hawakuzaliwa nazo. Baada ya Vita Kuu ya Pili miji yao ilikuwa imejaa baiskeli kama Tanga, kisha magari yakaja, barabara zikapanuliwa kwa ajili ya magari, na waendesha baiskeli wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na watoto wao na mabango, wakakiita chama chao kwa jina linalomaanisha "komesheni mauaji ya watoto". Njia nyingi tunazoziona leo kwenye picha zilijengwa baada ya hapo. Walichelewa, wakalipa kwa makaburi, ndipo wakarudisha walichokuwa nacho tangu mwanzo. Sisi bado tunacho.

Sasa naomba niseme tunachotaka, na naomba mnivumilie nikiingia kwenye sentimita, kwa sababu jambo hili huharibikia kwenye sentimita.

Tunataka mita 1.5 kila upande wa kila barabara ya lami itakayojengwa au kutandikwa upya ndani ya jiji. Usukani wa Phoenix yangu ni sentimita 60. Mchuuzi wa samaki mwenye matenga mawili anakaribia mita moja. Na baiskeli haiendi kama mstari wa rula; inayumba, hasa ukianza kuondoka, hasa ukipambana na kusi, hasa ukibeba mtoto. Mpe kila mmoja nafasi ya kuyumba, utafika kwenye mita moja na nusu, si zaidi. Ni bega la barabara tu. Mara nyingi bega hilo limo tayari kwenye mchoro. Shida ni linavyotendewa baadaye. Linaachwa chini kuliko lami, kwa hiyo ni ngazi. Likimegeka, viraka vinaishia pale yanapoishia magurudumu ya gari, ukingo unaachwa kama biskuti iliyong'atwa. Mchanga unajikusanya hapo baada ya kila mvua, na mchanga juu ya lami kwa tairi nyembamba ni kama mafuta. Mwenye nyumba anashusha kokoto zake hapo, zinalala miezi mitatu. Naomba bega liwe usawa mmoja na lami, lizibwe siku ile ile barabara inapozibwa, na lifagiliwe. Mkandarasi asikabidhi kazi mpaka mtu amepita ukingoni kwa baiskeli, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kushuka. Kipimo hicho hakihitaji mashine.

Rangi peke yake haitoshi. Nendeni Dar es Salaam mkaone. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na mji ule ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Ilistahili. Lakini pita leo ukiwa juu ya baiskeli: bodaboda wamo, magari yameegeshwa, bidhaa zimetandazwa. Siwalaumu wamachinga, mfanyabiashara hufuata watu na watu wako hapo. Kosa ni kuacha njia wazi pande zote bila kizuizi, na kujenga pa kupita bila kujenga pa kuuzia. Wenzetu wa UWABA, chama cha waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, wamelisemea jambo la njia salama kwa miaka mingi. Sisi tuanze pale walipofikia. Palipo na magari mengi na mazito pawekwe nguzo fupi za zege au ukingo ulioinuka, wenye mapengo ya kutosha baiskeli na yasiyotosha gari. Na kwenye mchoro huo huo achieni mahali pa meza ya mama wa vitumbua, kwa sababu atakuja tu, na ana haki ya kuja.

Yapo mengine ya gharama ndogo sana, mengine bure kabisa.

Chukueni rasta, ile mistari minene ya lami inayotikisa gari kabla ya tuta au kivuko. Sehemu nyingi inapigwa kutoka ukingo mpaka ukingo. Gari linatikisika kidogo, dereva anazinduka, ndiyo kazi yake. Mwenye baiskeli na trei tatu za mayai hawezi kupita hapo. Anatoka, anaingia katikati ya barabara kutafuta palipo laini, mahali ambapo gari limefunga breki au limekataa kufunga. Yaani kitu kilichowekwa kumlinda ndicho kinachomsukuma mbele ya gari. Acheni mita moja ukingoni bila rasta. Inaokoa hata lami.

Au kona. Sisi tunaendesha kushoto, na baiskeli iko kushoto zaidi ya wote. Lori refu likikata kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayapiti yalikopita ya mbele. Hukata kwa ndani, na aliye ndani ni mimi. Dereva hanioni, niko chini ya kioo chake. Kona zikichorwa pana kama bakuli ili lori lisipunguze mwendo, mpanda baiskeli ana sekunde moja ya kujiokoa. Zikibanwa kidogo, lori hulazimika kutambaa, na mstari wa kusimamia baiskeli ukichorwa mbele ya ule wa magari, dereva ananiona kabla hajaanza kukata. Tofauti ni makopo machache ya rangi na zege la siku moja.

Kuhusu mwendo, naomba nizungumze kama mwalimu wa sayansi. Nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Gari lenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa halimgongi mtoto mara mbili ya lile la 30, linamgonga mara nne. Darasa la saba wanaifanya hesabu hiyo wakishaelekezwa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka 50 kama kikomo kwenye maeneo ya makazi. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitoa tamko kwamba pale ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli kikomo kiwe 30. Tuianze 30 hiyo kwenye milango ya shule. Kibao peke yake hakimzuii mtu, lakini tuta lililojengwa kwa vipimo humzuia, tena halilali wala halili rushwa. Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza: mpango wa SARSAI ulioanzia kwenye shule za msingi za Dar es Salaam uliweka matuta, vijia vya miguu, vivuko, nguzo fupi, na mahali pengine ulihamisha tu lango la shule lisitazame barabara kuu. Mwaka 2019 ulishinda tuzo ya Ross kwa miji, ukiwashinda washindani kutoka dunia nzima. Ni mambo ya saruji na koleo. Mafundi wake wako hapa hapa.

Kisha kuna kufika. Mtu akishafika salama, anaiweka wapi? Sokoni naifunga baiskeli kwenye mti, nikirudi nakuta mwingine ameifunga yake juu ya yangu. Nimewahi kusubiri saa nzima mwenye kufuli atokee na nyanya zake. Wagonjwa wanaofika hospitali kwa baiskeli, na ni wengi, wanamwacha ndugu abaki nje kuilinda, kwa hiyo mgonjwa anaingia kwa daktari peke yake. Nafasi moja ya kuegesha gari hutosha baiskeli 10. Bomba lililokunjwa na kuchimbiwa chini, paa la bati, kijana wa mtaa anayekusanya shilingi 200 kwa kila baiskeli na kutoa kibati cha namba: hicho ni kituo, na ni ajira. Soko la Mgandini, kituo cha mabasi cha Kange, hospitali, ofisi zenu wenyewe. Mtu akiweza kuiacha baiskeli Kange akapanda basi la Muheza, akarudi jioni akaikuta, huyo mmemwongezea mshahara bila kumpandisha cheo.

Na miti. Hapa ni Tanga, saa saba mchana wa Februari hakuna asiyejua. Popote mnapochonga bega la barabara pandeni mwarobaini au mkungu upande wa magharibi, ili kivuli cha alasiri kimwangukie anayerudi nyumbani. Nimeona wahandisi wakiikata miti mizee kupisha mitaro, na huwa siwezi kupita hapo bila moyo kuniuma.

Hesabuni baiskeli pia. Kabla ya kuchora barabara watu hukaa kando kuhesabu magari. Naomba anayehesabu afike saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa tatu, maana saa tatu wapanda baiskeli wameshafika makazini na daftari lake litasema hatupo. Atuandike kila mmoja: mchuuzi, mwanafunzi, mama, aliyepakia mtu. Kisichokuwemo kwenye daftari hakimo kwenye mchoro. Na nawaombeni mwiteni mezani muuza samaki mmoja na msichana mmoja wa sekondari siku mchoro unapojadiliwa. Wanajua kila shimo kwa jina.

Sisi nasi tuna deni. Wengi wetu tunaendesha usiku bila taa, na dereva akituona ni bahati. Wapo wanaopita upande usio wao ili kukwepa kuvuka mara mbili. Shuleni kwetu tumeanza: kila mtoto mwenye baiskeli amebandikiwa kiakisi nyuma ya keria, breki zinakaguliwa kila Ijumaa, na mwenye breki mbovu anasukuma hadi kwa fundi, hapandi. Fundi wangu anawatengenezea bila malipo ikiwa ni waya tu. Mkitupa barabara, tutawapa wapandaji wenye adabu. Nitasimamia hilo mwenyewe kwa wale wanaopita mikononi mwangu.

Nimeacha la mwisho makusudi kwa sababu ni dogo na linaweza kufanyika wiki hii. Kwenye mitaa kadhaa ya mji mitaro imefunikwa kwa vyuma vya nondo ili maji yaingie na takataka zibaki. Vingi vimelazwa vizuri, nondo zikikata barabara. Vichache vimelazwa kinyume, nondo zimekwenda sambamba na barabara, na nafasi kati ya nondo na nondo inaimeza tairi ya baiskeli kama mfuko unavyomeza sarafu. Gurudumu la mbele linazama, mtu anaruka juu ya usukani. Gari haliwezi hata kuhisi kwamba kuna kitu, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Nilimpeleka fundi wa kuchomelea akavitazama. Anasema kukata, kugeuza robo duara na kuchomelea tena ni nusu saa kwa kimoja.

Jumamosi iliyopita watoto 8 wa darasa la sita walizunguka nami mitaa ya jirani na shule, tukavitafuta. Tulipata 5. Kila kimoja tumekizungushia duara la chaki nyeupe, na mtoto mmoja, kwa hiari yake, akaandika pembeni "geuza" kwa herufi kubwa ili fundi wenu asipate shida kuvijua. Ila ni chaki ya ubaoni, na vuli imekaribia.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati na sayansi,
Makorora, Tanga